Mji Mdogo Uliomkabidhi Mwanafunzi Mizani

Justus Liebig alipokuwa mvulana wa shule mjini Darmstadt, Ujerumani, mwalimu mmoja alimkemea mbele ya wenzake kwa uvivu, kisha akamwuliza anatarajia kuwa nani maishani. Mvulana akajibu kwamba atakuwa mkemia. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Habari hiyo aliisimulia Liebig mwenyewe alipokuwa mtu mzima mwenye jina kubwa, na hakuisimulia kwa kinyongo, kwa maana kicheko kile kilikuwa na sababu. Miaka ya 1810 kemia haikuwa kazi ya kumlisha mtu. Kulikuwa na watengeneza dawa, watia rangi nguo, wachemsha sabuni na wayeyusha madini, na kila mmoja wao alitumia kemia kidogo bila kuiita hivyo. Vyuoni nako kemia ilikuwa kibarua cha pembeni cha profesa wa tiba.

Namna ya kuifundisha ilikuwa moja karibu kila mahali. Profesa alisimama mbele akazungumza, msaidizi wake akawasha moto, akachanganya vimiminika, akaonyesha rangi ikibadilika. Wanafunzi walikaa kwenye viti vyao wakitazama. Mhadhara wa namna hiyo uliweza kuwa wa kuvutia sana: mjini London, mwanzoni mwa karne ya 19, mkemia Humphry Davy aliujaza ukumbi wa Royal Institution kwa mabwana na mabibi waliokuja kuona miali na milipuko. Lakini aliyetoka pale alikuwa ameona tu. Hakujua uzito wa chupa mkononi, hakujua jaribio linavyoharibika, wala hakujua la kufanya likiharibika.

Aliyetaka kushika vitu kwa mikono yake alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwa mwanagenzi katika duka la dawa. Ya pili ilikuwa kupata upendeleo wa mwanasayansi mkubwa na kukaribishwa katika chumba chake binafsi. Liebig alizipitia zote mbili. Baba yake aliuza rangi na kemikali, na kijana alizoea kuchezea bidhaa za dukani. Akapelekwa kwa mtengeneza dawa, hakudumu. Akasoma Bonn na Erlangen, na mwaka 1822, kwa fedha za Mtawala wa Hesse, akaenda Paris. Huko Alexander von Humboldt, msafiri na mwanasayansi aliyeheshimika Ulaya nzima, alimwombea nafasi katika maabara ya mkemia Joseph Louis Gay-Lussac. Liebig alifanya kazi bega kwa bega na bwana huyo, akajifunza kupima kwa usahihi ambao Ujerumani hakuupata.

Mwaka 1824, akiwa na miaka 21 tu, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Giessen, mji mdogo usio na sifa yoyote ya kisayansi. Uteuzi ulitoka kwa Mtawala moja kwa moja, tena kwa mapendekezo ya Humboldt, na maprofesa wenyeji hawakufurahi kuletewa kijana bila kuulizwa. Akapewa nyumba ya walinzi katika kambi ya askari iliyoachwa. Humo ndimo alimoanza.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza. Chuo cha madini cha Schemnitz, katika milima ambayo leo imo Slovakia, kilikuwa kikiwapa wanafunzi kazi ya maabara tangu karne ya 18, kwa kuwa mpima madini asiyejua kupima ni hasara kwa mgodi. École polytechnique ya Paris, iliyoanzishwa 1794 katikati ya mapinduzi, ilitenga vyumba vya majaribio kwa wanafunzi. Friedrich Stromeyer alifundisha uchanganuzi kwa vitendo kule Göttingen, na Thomas Thomson alifanya hivyo Glasgow, wote kabla ya Giessen kusikika. Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini mbegu iliyopandwa mahali pengi ilichipua kwa nguvu Giessen.

Haikuwa kwa msaada wa chuo. Liebig na wenzake wawili walipoomba kuanzisha taasisi ya kuwafunza watengeneza dawa, baraza la chuo lilikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya chuo kikuu ni kuwaandaa watumishi wa serikali, si kuwafunza wauza dawa, wachemsha sabuni na watengeneza bia. Akaruhusiwa kuiendesha kama shughuli yake binafsi, kwa ada za wanafunzi na fedha za mfuko wake. Moshi na mvuke wa asidi ulijaa chumbani, kwa sababu hapakuwa na namna ya kuutoa isipokuwa kufungua madirisha, hata katika baridi ya Januari. Afya yake iliumia.

Jibu la swali lile limo kwa sehemu kubwa katika kipande cha kioo chenye upana wa kiganja.

Wakemia wa wakati ule walihangaika na vitu vitokanavyo na mimea na wanyama: sukari, mafuta, dawa za magome, asidi za matunda. Vyote vina kaboni, hidrojeni na oksijeni, na ili kukijua kitu ilibidi kujua vimo kwa kiasi gani. Njia iliyokuwepo ilikuwa kukichoma kitu, kukusanya gesi yake, na kuipima ujazo. Kazi hiyo ilitaka vyombo vikubwa vya zebaki na mikono ya bingwa, na kosa dogo liliharibu hesabu yote. Mwaka 1831 Liebig alitangaza njia nyingine. Kitu kinachochunguzwa huchanganywa na oksidi ya shaba, huwekwa ndani ya mrija wa kioo na kuzungukwa na makaa ya moto. Hidrojeni yake hugeuka maji, na maji hayo hunaswa na kloridi ya kalsiamu. Kaboni hugeuka kaboni dioksidi, ambayo hupita katika chombo cha vitufe vitano vya kioo vilivyopangwa kwa umbo la pembetatu, vyenye maji ya potasi kali ndani yake. Potasi huimeza gesi yote. Kilichobaki ni kupima: chombo kilikuwa na uzito gani kabla, na kina uzito gani sasa?

Badala ya kupima ujazo wa gesi, unapima uzito kwenye mizani. Hilo ndilo lililobadilisha mambo, na halisemwi vya kutosha. Kabla ya vitufe vile vitano, uchanganuzi wa kuaminika ulikuwa kazi ya mabingwa wachache wa Ulaya. Baada yake, kijana wa miaka 20 mwenye subira aliweza kupata jibu ambalo mkemia wa Stockholm au Paris angelikubali. Mwanafunzi wa kawaida akawa mtu ambaye matokeo yake yana thamani. Na profesa mwenye wanafunzi 15 wa aina hiyo ghafla alikuwa na jozi 15 za mikono za utafiti. Chombo hicho kilipendwa kiasi kwamba hadi leo picha yake imo katika nembo ya Chama cha Kemia cha Marekani.

Utaratibu wa Giessen ulikuwa mkali na wazi. Mgeni alianza kwa chupa zenye vitu asivyovijua, akatakiwa avitambue kimoja baada ya kingine kwa kufuata hatua za uchunguzi. Kisha akajifunza kupima kiasi. Kisha akatengeneza kemikali kadhaa kwa mikono yake. Aliyevuka hapo alipewa swali ambalo hakuna aliyejua jibu lake, hata Liebig. Kila asubuhi kila mmoja alitoa ripoti ya kazi ya jana na fikra zake kuhusu hatua inayofuata, naye Liebig akakubali au akapinga, na wote wakasikia. Hakuwashika mkono. Walifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, na mtumishi wa maabara, Aubel, alilalamika kwamba jioni hawezi kuwatoa ili apate kufagia.

Mchoraji Wilhelm Trautschold aliwachora katika chumba kipya cha uchanganuzi kilichomalizika 1839, chumba ambacho hatimaye kilikuwa na makabati yenye milango ya kioo ya kutolea hewa chafu. Katika picha hiyo vijana wamevaa kofia ndefu na makoti kana kwamba wamealikwa harusini, mmoja anatwanga, mwingine anatazama mrija. Miongoni mwao yumo Vicente Ortigosa, aliyesafiri kutoka Mexico. Walitoka pia Uingereza, Ufaransa, Uswisi, Urusi na Marekani. August Kekulé alifika Giessen kusoma usanifu majengo, akasikiliza mihadhara ya Liebig, akabadili njia. Ndiye aliyekuja kueleza umbo la duara la benzini mwaka 1865. Hadi Liebig anahamia Munich mwaka 1852, zaidi ya wanafunzi 700 walikuwa wamepita mikononi mwake.

Pesa, hata hivyo, ndiyo iliyokuwa ugomvi wa kudumu. Mwaka 1833 Liebig aliandika barua ya hasira kwa ofisa aliyekisimamia chuo kwa niaba ya serikali. Alieleza jinsi anavyonunua makaa na kemikali kwa mshahara wake na kumlipa msaidizi kutoka mfukoni mwake, akatishia kuondoka. Serikali ikalegea. Kidogo kidogo ikaanza kugharimia kile ambacho baraza la chuo lilikiona ni shughuli ya wachemsha sabuni, na tangu hapo maabara ya kufundishia ikawa na kasma yake katika bajeti.

Barua hiyo ingesomeka vizuri hata Tanzania. Kati ya mwaka 2012 na 2015, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, wananchi walichangia ujenzi wa vyumba vitatu vya maabara katika kila shule ya sekondari ya kata: cha kemia, cha fizikia na cha biolojia. Kuta zilisimama kwa wingi. Yaliyochelewa katika shule nyingi ni yale yale ya barua ya Liebig: kemikali, vifaa, maji, na mtu wa kulipwa ili avitunze. Hayo huisha na kununuliwa tena kila muhula, ndiyo maana ni rahisi kuyasahau kuliko tofali.

Kutoka Giessen, namna ile ya kufundisha ilisambaa kwa miguu ya wanafunzi wenyewe. Mwaka 1845, kwa michango ya matajiri na msaada wa Prince Albert, London ilifungua Royal College of Chemistry na kumwita August Wilhelm Hofmann, mwanafunzi wa Liebig, aiongoze. Wenye mashamba waliochangia walitarajia mbolea na mavuno. Hawakuona faida haraka, wakapunguza michango, na mwaka 1853 chuo kikachukuliwa na serikali. Hofmann aliendelea na alichokipenda, yaani lami nyeusi inayobaki makaa ya mawe yanapotolewa gesi ya taa.

Mmoja wa vijana wake alikuwa William Perkin. Wakati wa likizo ya Pasaka mwaka 1856, akiwa na miaka 18, Perkin alijaribu nyumbani kwao mashariki mwa London kutengeneza kwinini kutokana na vitu vya lami hiyo. Kwinini ilikuwa dawa pekee ya kutegemewa dhidi ya malaria, ilitoka kwenye magome ya mti wa Amerika Kusini, na ilikuwa ghali. Alichopata ni tope la rangi ya kutu. Mtu aliyefundishwa kwa mihadhara tu angelimwaga. Perkin alirudia jaribio kwa anilini, akapata mashapo meusi, na alipokuwa akisafisha chupa kwa spiriti akaona rangi ya zambarau ya kupendeza ikitoka. Ikawa rangi ya kwanza ya nguo ya kemikali kuuzwa kibiashara. Baba yake alitia akiba yake katika kiwanda, ingawa Hofmann hakupendezwa na kijana wake kuacha masomo. Hofmann mwenyewe alirudi Ujerumani mwaka 1865, na viwanda vya rangi vya huko vilijaa wakemia waliofunzwa katika maabara za vyuo. Uingereza, iliyoanza biashara hiyo, ikaachwa nyuma.

Chombo kingine kilichofungua milango kilitoka Heidelberg. Robert Bunsen alihamia huko mji ukiwa unaanza kuwekewa mabomba ya gesi, na maabara yake mpya ya mwaka 1855 ikaunganishwa nayo. Gesi ya kawaida iliwaka kwa mwali wa njano uliotia masizi kila kitu. Yeye na fundi wa chuo, Peter Desaga, walitengeneza kichomeo kinachochanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka, kikatoa mwali wa buluu, wenye joto kali na usio na moshi. Bunsen hakukitafutia hataza. Kila maabara duniani iliweza kukiiga, na kila mwanafunzi akawa na moto wake wa kuuzima na kuuwasha kwa kidole, badala ya kungoja makaa yashike.

Fizikia ilichelewa. Vyombo vyake vilikuwa ghali na kila chuo kilikuwa na seti moja ya maonyesho, ambayo profesa hakutaka iguswe. Glasgow, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliteka pishi la mvinyo lililoachwa chuoni na kulifanya maabara karibu na mwaka 1850. Alikuwa na vipimo vingi vya umeme na metali kuliko alivyoweza kuvifanya peke yake, hivyo akaomba wanafunzi wa kujitolea. Wengi wa waliojitokeza walikuwa wakielekea kwenye uchungaji. Hawakuwa na mpango wa kuishi kwa fizikia, walipenda tu kujua. Miaka michache baadaye kampuni za nyaya za telegrafu za chini ya bahari zilihitaji watu wa kupima umeme kwa uhakika, na pishi lile likawa na wa kuwapa.

Cambridge ilifungua Cavendish Laboratory mwaka 1874, kwa fedha za Duke wa Devonshire, chini ya James Clerk Maxwell. Si wote waliofurahi. Mwanahisabati Isaac Todhunter alikuwa ameandika mwaka 1873 kwamba kijana hana haja ya kuona jaribio: mwalimu wake, ambaye pengine ni kasisi mwenye elimu pevu na tabia isiyo na doa, akimwambia jambo, kulitilia shaka ni utovu wa akili. Maneno hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito, maana Todhunter hakuwa mjinga. Vitabu vyake vya hisabati vilisomwa katika dola nzima ya Kiingereza. Alieleza kwa uaminifu imani ya elimu iliyojengwa juu ya heshima kwa msemaji. Maabara ilileta imani tofauti, kwamba hata neno la mwalimu mwema linaweza kupelekwa kwenye mizani. Mzozo huo bado upo katika madarasa mengi, na upande wa Todhunter haujashindwa.

Biolojia ilimpata Thomas Henry Huxley. Kwa miaka mingi alifundisha London katika jengo lisilo na nafasi ya wanafunzi kupasua wala kutazama chochote, na jambo hilo lilimkera. Nafasi ilipopatikana, mwaka 1871, aliwaita kwanza walimu wa shule kwa kozi ya wiki chache za kiangazi, na mwaka uliofuata akahamia jengo jipya la South Kensington. Asubuhi alitoa mhadhara juu ya kiumbe kimoja, kisha walimu wakakaa mezani na hadubini na visu vyao, wakakitazama kiumbe kile kile. Walianza na hamira na amiba, wakapanda hadi kamba wa mtoni na chura. Uteuzi huo wa viumbe wachache wa kuwakilisha wengi uliingia katika kitabu alichoandika na Henry Newell Martin mwaka 1875, na chura akabaki mezani mwa wanafunzi wa biolojia hadi zama zetu. Kuanza na walimu kulikuwa na busara kubwa: mwalimu ambaye hajawahi kupasua chura hawezi kumwongoza anayepasua.

Milango hiyo haikufunguka kwa wote kwa wakati mmoja. Ellen Swallow alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, MIT, akamaliza mwaka 1873. Mwaka 1876, kwa fedha zilizochangwa na chama cha wanawake wa Boston, ilifunguliwa humo maabara ya wanawake, naye akafundisha bila mshahara. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule. Maabara hiyo ilifungwa mwaka 1883, kwa kuwa wanawake walikuwa wameanza kukubaliwa katika madarasa ya kawaida. Yeye akaendelea na kemia ya maji na afya, na kuanzia 1887 maelfu ya sampuli za maji ya Massachusetts zilipimwa chini ya usimamizi wake. Cavendish iliwaruhusu wanawake kwa masharti sawa na wanaume mwaka 1882, ingawa Cambridge haikuwapa digrii kamili hadi 1948.

Shule za sekondari zilikuwa za mwisho, na huko ndiko mambo yalikoharibika kidogo. Tangu 1847 shule ya Queenwood, kusini mwa Uingereza, ilikuwa na maabara ya wanafunzi, chini ya vijana wawili, Edward Frankland na John Tyndall, ambao mwaka uliofuata walikwenda Marburg kusoma kwa Bunsen. Lakini Queenwood ilikuwa shule moja. Msukumo mpana ulikuja Marekani, pale Chuo Kikuu cha Harvard kilipoanza, kuanzia 1886, kumtaka anayeomba kujiunga kwa fizikia ya vitendo aje na daftari la majaribio aliyoyafanya shuleni. Edwin Hall aliandaa orodha ya takriban majaribio 40, yenye vifaa rahisi ambavyo shule ingeweza kumudu. Shule zikajenga vyumba na kununua mizani, jambo jema kabisa. Ila orodha ikageuka kuwa sheria. Mwanafunzi aliyejua jibu linalotakiwa alilitafuta hilo hilo, na namba isiyofanana nalo ilirekebishwa kimyakimya kwenye daftari. Walimu wa kemia wa Kenya na Tanzania wanaosahihisha matokeo ya taitresheni wanaifahamu tabia hiyo vizuri.

Henry Armstrong, mkemia wa London aliyesoma pia Leipzig, aliipinga hali hiyo kwa ukali katika miaka ya 1880 na 1890. Alitaka mtoto asipewe maelekezo ya hatua kwa hatua, apewe swali. Moja ya maswali aliyoyapenda lilihusu kutu. Wanafunzi hupima misumari ya chuma, huiacha ishike kutu, huipima tena, na kugundua imeongezeka uzito. Uzito huo umetoka wapi? Wengine husema majini, wengine hewani, na kila dai hupangiwa jaribio lake. Chuma hufungiwa ndani ya chupa yenye hewa iliyozuiwa na maji, na siku chache baadaye maji yamepanda na kuchukua nafasi ya karibu moja ya tano ya hewa ile. Hakuna aliyewaambia neno oksijeni mpaka hapo.

Wapinzani wake walisema njia hiyo ni ya polepole, inakula muhula mzima kwa jambo ambalo kitabu hulieleza kwa ukurasa mmoja, na inataka mwalimu anayeijua sayansi kwa kina na darasa dogo. Yote matatu yalikuwa kweli. Armstrong alijibu kwa kuwafundisha walimu, mwaka baada ya mwaka, na kwa kudai vyumba, mizani na muda zaidi katika ratiba.